Kito Mfukoni, Vumbi Nyumbani

SEHEMU YA 1: Likizo ya kuchimba mawe

Wiki hii hatuzungumzii chanjo wala uji wa mtoto. Tunaingia kwenye historia, lakini ni historia inayoishia kwenye beseni lako la kufulia, kwa hiyo msinikimbie.

Tuanzie Marekani. Kule kuna familia ambazo likizo ikifika hupanda gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, yale wanayoyaita RV, wakapakia koleo, nyundo, chekeche na ndoo, wakaenda porini kuchimba mawe. Baba, mama, watoto, wakati mwingine na bibi. Hawana kampuni wala leseni kubwa. Wanachimba kwa raha zao, jiwe zuri likipatikana linapelekwa nyumbani na kuwekwa dirishani.

Mchezo huu una historia ndefu kidogo. Mwaka 1906 mkulima mmoja wa Arkansas, John Huddleston, aliokota almasi kwenye shamba lake karibu na mji wa Murfreesboro. Kampuni zilijaribu kuchimba pale kibiashara, hazikufanikiwa sana. Hata hivyo mwaka 1924 ilipatikana pale almasi ya karati 40.23, na mpaka leo haijapatikana kubwa kuliko hiyo katika ardhi ya Marekani. Mwaka 1972 jimbo likalinunua eneo hilo na kulifanya hifadhi ya wananchi, Crater of Diamonds. Unalipa kiingilio, unaingia kwenye shamba la ekari kama 37 lililolimwa, unachimba. Ukipata almasi ni yako. Pana na sehemu ya kuegesha hayo magari ya kulala.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi walipata magari, barabara zikawa nzuri, na wapenda mawe wakaongezeka. Mwaka 1947 vilabu vyao viliungana kuwa shirikisho la taifa. Serikali nayo ikaweka utaratibu: kwa mfano, tangu mwaka 1962 mtu anaruhusiwa kuokota bure katika ardhi ya umma vipande vya miti ya kale iliyogeuka jiwe, kama kilo 11 kwa siku na kipande kimoja cha nyongeza, ilimradi kwa mwaka asizidishe kilo kama 113. Kila Januari mji mdogo wa jangwani, Quartzsite, Arizona, hujaa magari ya kulala na meza za wauza mawe.

Ni mchezo mzuri, sina ugomvi nao. Mtoto anayechekecha udongo anajifunza kuhesabu, kusubiri na kushindwa bila kulia. Swali langu kama nesi ni hili: ukivunja mwamba kutafuta kito, ni nini kingine kinatoka humo ndani ambacho hukukitafuta?

SEHEMU YA 2: Kito cha buluu cha California

Mwaka 1907 watafuta madini walikuta mawe madogo ya buluu kwenye milima ya San Benito, California. Mwanzoni yalidhaniwa ni yakuti samawi. Profesa George Louderback wa Chuo Kikuu cha California akayapima na kukuta ni madini mapya kabisa, ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Akayaita benitoaiti, kwa jina la mahali. Ukiyamulika kwa taa ya urujuanimno gizani yanawaka buluu. Mwaka 1985 California iliyafanya kuwa kito rasmi cha jimbo.

Kito hicho adimu, pamoja na madini mengine mengi ya ajabu, kimezaliwa kwenye mwamba wa kijani unaoteleza kama umepakwa mafuta, unaoitwa serpentini. Na ndani ya mwamba huohuo kuna nyuzinyuzi laini, nyeupe, ukiziona utafikiri ni pamba. Hiyo ndiyo asbestosi. Ndiyo, ile iliyokuwa kwenye mabati ya zamani, ambayo huwa tunaambiwa tusiyakate wala kuyavunja.

Kwa miaka mingi eneo la Clear Creek kwenye milima hiyo lilikuwa uwanja wa starehe. Watu walikuja na pikipiki za milimani, mahema, magari ya kulala na nyundo za kupasulia mawe, na watoto wao. Vumbi lilikuwa la kawaida tu, nani anaogopa vumbi safarini?

Baadaye wataalamu wa shirika la mazingira la serikali, EPA, wakaenda kupima. Jinsi walivyopima ndipo nilipowapenda. Walijifanya familia iliyo likizoni: wakaendesha magari, wakapanda pikipiki, wakatembea, wakapiga kambi, huku vifaa vya kunasa hewa vikiwa usawa wa pua. Wakapima na usawa wa pua ya mtoto, kwa sababu mtoto ni mfupi na yuko karibu na ardhi. Mara nyingi hewa ya kimo cha mtoto ilikutwa na nyuzi nyingi kuliko ya mtu mzima. Kisha wakafanya jambo ambalo kila mama angelifikiria: wakapima hewa wakati wa kuosha gari na kulisafisha ndani baada ya safari. Yaani walijua kwamba safari haiishii mlimani. Vumbi linapanda gari na kurudi na familia.

Tarehe 1 Mei 2008 serikali ilifunga eneo la ekari kama 31,000. Miaka ya baadaye likafunguliwa kidogo, kwa kibali na kwa siku chache zilizowekewa kikomo kila mwaka.

Wapo waliokasirika sana. Walisema tumekuja hapa tangu utotoni na hakuna aliyeugua. Nawaelewa. Lakini magonjwa ya asbestosi hayaji wiki ijayo kama kuhara. Mtu anavuta nyuzi leo, ugonjwa unaonekana baada ya miaka 20, 30, hata 40. Mtoto aliyevuta akiwa na miaka sita anaweza kuugua akiwa naye ni mzazi. Kwa hiyo “hakuna aliyeugua” ni jibu la mapema mno. Na hilo lilijulikana kabla ya 2008. Lilijulikana kutoka hapa kwetu Afrika.

SEHEMU YA 3: Milima ya Northern Cape

Wengi mmewahi kuona, au mnalo hata kwenye bangili, lile jiwe la kahawia na dhahabu lenye mstari wa mwanga unaotembea ukiligeuza. Linaitwa jicho la chui milia. Mengi hutoka Northern Cape, Afrika Kusini. Mng'ao wake una uhusiano na nyuzi za asbestosi ya buluu zilizomo kwenye miamba ya huko. Usitupe bangili yako, jiwe lililosuguliwa na kung'arishwa halikudhuru kwa kulivaa. Tatizo liko kwenye kulikata na kulisaga, na liko kwenye milima lilikotoka.

Huko asbestosi ya buluu ilichimbwa miaka mingi. Wanaume walichimba. Wanawake na watoto walikaa chini, wakagonga mawe kwa nyundo kutenganisha nyuzi na mwamba. Mtoto mchanga alikuwa pembeni ya mama yake, kwani angeachwa na nani? Na mabaki yalimwagwa kuwa vilima karibu na nyumba, watoto wakaviteleza kama tunavyoteleza kwenye mchanga.

Mwaka 1960 madaktari watatu, Wagner, Sleggs na Marchand, walichapisha habari za wagonjwa 33. Wote walikuwa na saratani iliyokuwa nadra sana wakati ule, ya utando unaozunguka mapafu. Inaitwa mesotelioma. Walipowauliza historia ya maisha yao, karibu wote walikuwa na uhusiano na ile milima. Lililowashtua ni kwamba wengi hawakuwahi kuwa wachimbaji. Walikuwa wameishi tu karibu na machimbo, wengine walipokuwa watoto, kisha wakahama na kusahau.

Hebu soma tena hapo. Walihama. Walisahau. Lakini nyuzi hazikuhama.

SEHEMU YA 4: Mke aliyefua nguo za mumewe

Miaka mitano baadaye, mwaka 1965, wanawake wawili watafiti wa London, Molly Newhouse na Hilda Thompson, walichunguza wagonjwa 76 wenye ugonjwa uleule. Wagonjwa 31 walikuwa wamefanya kazi na asbestosi, hilo lilitegemewa. Lakini wagonjwa 9 hawakuwa wamefanya kazi hiyo hata siku moja. Kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mtu aliyeifanya. Na habari iliyojirudia zaidi katika hao 9 ilikuwa ya mke aliyekuwa akifua nguo za kazi za mumewe.

Mimi huwa nawasomea wanafunzi wauguzi mistari hiyo taratibu. Mama alichukua nguo, akazikung'uta mlangoni ili vumbi litoke kabla ya kuloweka, kama tunavyofanya sote. Alikuwa anatunza familia yake. Hakuna aliyemwambia.

Kisha Libby, mji mdogo wa Montana, Marekani. Pale palichimbwa madini ya vemikulaiti, mepesi, mazuri kwa bustani na kwa kuzuia baridi kwenye nyumba. Yalikuwa yamechanganyika na asbestosi. Wafanyakazi walirudi nyumbani weupe kwa vumbi na kukumbatia watoto wao. Mabaki yalitumika kwenye bustani za watu na viwanja vya michezo, na watoto walirukaruka kwenye malundo yake. Mgodi ulifungwa mwaka 1990. Mwaka 1999 mwandishi wa gazeti la Seattle aliandika habari za wagonjwa na waliokufa, na ndipo wataalamu wa serikali wakaja. Mwaka 2009 mji huo ukatangazwa kuwa katika dharura ya afya ya umma.

Mnaona mfululizo? 1960 Afrika Kusini, 1965 Uingereza, 1999 Montana, 2008 California. Kila mara jambo ni lilelile: vumbi linatoka kazini au mchezoni na kuingia nyumbani, na anayelipokea mlangoni ni mama na mtoto. Na kila mara waliolipokea ndio waliochelewa kuambiwa.

SEHEMU YA 5: Na Mirerani?

Najua mmekuwa mkiniuliza moyoni: nesi, Marekani wana magari ya kulala, sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu, kwa sababu sisi tuna tanzanaiti. Iligunduliwa mwaka 1967 huko Mirerani, Simanjiro, na serikali yetu imemtambua Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina la nchi yetu na kuitangaza duniani. Tangu hapo vijana wamemiminika Mirerani. Tunawaita apolo. Mwaka 2018 serikali ilizungushia machimbo ukuta wa kilomita kama 24 ili kuzuia utoroshaji wa vito. Ukuta unazuia vito kutoka. Vumbi halina kitambulisho, linapita getini juu ya nguo za mtu.

Niweke sawa jambo moja ili nisiwatishe bure. Ninalolisema Mirerani ni vumbi la mwamba wenyewe, sio asbestosi. Mwamba unaotobolewa kwa mashine na kulipuliwa kwa baruti hutoa vumbi laini lenye silika, na Mirerani kuna pia ule unga mweusi wa grafaiti unaowafanya vijana watoke shimoni weusi tii. Silika ndiyo ninayoiogopa zaidi. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba huzioni, zinafika chini kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika inayovutwa kazini kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuna na la tatu. Mapafu yaliyojaa silika hushindwa kupambana na kifua kikuu. Mchimbaji anapata TB kwa urahisi kuliko mtu wa kawaida, na TB, tofauti na silikosisi, inaambukiza. Analala chumba kimoja na mkewe na mtoto wa miezi minane. Kwa hiyo shimo la Mirerani linaweza kuingia kwenye mapafu ya mtoto ambaye hajawahi kuliona.

Zamani kulikuwa na watoto walioitwa nyoka, kwa kuwa walipita kwenye matundu ambayo mtu mzima hapiti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, na migodi imo. Nikiambiwa bado yupo mtoto wa mtu anateremka shimoni mahali fulani, sitaki kusikia habari ya “anajifunza kazi”.

Tusisahau na wagonga kokoto. Mama amekaa juani, nyundo mkononi, mtoto amelala kwenye kanga hatua mbili kutoka kwenye lundo. Hana kito cha kupata, ana ndoo za kokoto. Rudi Sehemu ya 3 uwatazame wale akina mama wa Northern Cape. Aina ya vumbi ni tofauti, lakini mkao ni uleule.

Na hapa ndipo historia inaniuma. California walipima hewa ya pua ya mtoto kwa sababu ya mchezo wa likizo, na wakafunga mlima. Walioufungiwa walipoteza starehe. Kwetu ukisema funga, umefunga ugali wa watu. Kwa hiyo siwaambii shemeji zangu waache kazi. Naomba tu elimu waliyoipata wale wenye magari ya kulala imfikie pia mke wa apolo.

SEHEMU YA 6: Kwa hiyo tufanye nini?

Jambo la kwanza ni maji. Pale Arkansas watu wengi hutafuta almasi kwa kuosha udongo kwenye chekeche ndani ya maji. Wanafanya hivyo ili waone kito, lakini faida nyingine ni kwamba udongo uliolowa haupeperuki. Penye mashine ya kutobolea inayotumia maji, maji yatumike. Anayegonga kokoto anyunyizie lundo kwanza. Nyumbani usifagie vumbi la kazini likiwa kavu. Futa kwa kitambaa kibichi.

La pili, nguo. Nguo za shimoni zivuliwe kabla ya kuingia chumbani, kama inawezekana zibaki kazini. Usizikung'ute. Zitie kwenye maji moja kwa moja, peke yake, zisichanganywe na nepi wala nguo za mtoto. Maji yale ukishamaliza yamwagwe mbali na mtoto anapochezea, na beseni lioshwe. Viatu vikae nje.

La tatu, kukumbatia. Najua mtoto akisikia sauti ya baba anakimbia. Baba aoge kwanza, hata kama ni ndoo moja, kisha abebe mtoto wake. Mwambie vizuri, usimwambie kwa ukali, ametoka kazini amechoka.

La nne, barakoa. Ile ya kitambaa, au ya bluu ya hospitali, haizuii vumbi la silika. Inayosaidia ni ile ya N95 au bora zaidi, inayobana uso vizuri. Nayo ikilowa au kuchafuka inabadilishwa. Kumfunga mtoto kanga usoni si kinga, kinga yake ni kukaa mbali na vumbi.

La tano, kikohozi. Mtu anayeishi na vumbi akikohoa wiki mbili au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku, au akikohoa damu, aende kituo cha afya apimwe TB. Na akifika aseme kazi yake. Wengi wanaficha, wanasema “mkulima”. Ukisema ni mchimbaji, anayekuhudumia anajua ni wapi pa kutazama. Akikutwa na TB, watoto wote wa nyumbani wapelekwe kuangaliwa, hata asiyekohoa.

La sita ni la wale mlio mbali, wa Marekani na Ulaya, mnaokwenda na watoto kuokota mawe. Nendeni, furahini. Kabla ya safari uliza wahusika wa eneo kama miamba ya huko ina asbestosi. Ukiambiwa ni serpentini, au ukaona nyuzinyuzi kama pamba kwenye jiwe, acha jiwe pale pale. Usimpe mtoto nyundo kupasua mawe makavu usoni pake. Na mkirudi, gari lifutwe kwa kitambaa kibichi kabla mtoto hajalala humo.

Nimesoma mengi kuhusu vito kwa ajili ya mfululizo huu. Uzito wa kila kito maarufu umeandikwa, karati kwa nukta, na jina la aliyekiokota. Majina ya wale wagonjwa 9 wa London na wenzao waliofua, waliolea na kukumbatia hayapo kwenye orodha ya vito vyovyote. Tulichorithi kutoka kwao ni kujua namna ya kufua nguo. Tafadhali tukitumie.

Kama una dada, jirani au wifi ambaye mwenzake anachimba, anagonga kokoto au anakata mawe, mtumie Sehemu ya 6 hata kama hatasoma nyingine. Maswali yaandikeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitayajibu moja moja. Wiki ijayo tunarudi kwenye uji.